Nilimchora mama mkwe kila mkunjo, akatoka na sharubu

Mpendwa Shangazi Odeta,

Shikamoo. Nakuita mpendwa ingawa hatujawahi kuonana, maana kwenye baraza ya nyumba yangu maneno yako yanasikilizwa kuliko yangu, mke wangu na wenzake hawaanzi kazi kabla hawajasomeana ukurasa wako, kwa hiyo naomba unisaidie na naomba usinicheke mpaka nimalize, nikishamaliza cheka tu, nitakuwa nimestahili.

Mimi naitwa Mhoja, nakaa Mkuyuni, nimesoma mpaka darasa la saba na kazi yangu ni kuchora, nachora mabango ya maduka, kuta za saluni, mabucha, migahawa, sijasomea popote, mkono ulikuja wenyewe tangu nikichunga ng'ombe wa baba, na sifa yangu mjini ni moja, kwamba mimi siachi kitu. Nikichora dume la ng'ombe kwenye bucha utaona mpaka kope zake, nikichora mwanamke aliyesuka utahesabu rasta moja moja, na kule Igogo kuna mgahawa nimewachorea sato ukutani na magamba yake yote, mpaka mteja mmoja akamwambia mama wa pale, "Mama, mimi niletee huyu wa ukutani, huyu wa kwenye sahani amepungukiwa." Hilo neno nilitembea nalo kama cheti.

Mke wangu ni Kokugonza, Mama Jonathan, Mhaya wa Muleba, yeye ni mtu wa kudarizi. Wako kikundi, mchana wanakaa barazani kwetu na sindano zao wanashona mashuka, foronya, vitambaa vya makochi na vile vya kutundika ukutani, na kazi yao inaanzia kwangu, mimi nachora kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, wao wanafuata mistari yangu kwa uzi wa rangi, wakimaliza wanafua, penseli inatoka na uzi unabaki. Ndivyo tulivyosomesha watoto, sindano yake na penseli yangu.

Sasa ugomvi wetu Shangazi ulikuwa mmoja tu miaka yote, mistari. Nikimpa kitambaa anakigeuza huku na huku halafu ananiambia, "Baba Jonathan, uzi una tumbo, penseli yako haina. Hii mistari mitatu ya shingoni nikiipitia itashikana iwe kamba, huyu ndege ataonekana kanyongwa." Mimi namwambia, "Wewe shona, ndege namjua mimi." Na kuna rafiki yake, Evelina, huyo mdomo wake hauna breki, aliwahi kuninyooshea kitambaa mbele ya wenzake wote akasema, "Shemeji, hili korongo lako lina manyoya mengi kuliko kuku wote wa Mkuyuni, hebu tuambie, atakayelishona ataolewa saa ngapi?" Wanacheka, na mimi nacheka lakini ndani nimekunja uso. Baadaye namwona mke wangu anachukua raba anafuta manyoya kimyakimya, anabakiza machache, anashona, na kitambaa kinapendwa, na mimi nikisifiwa naitikia asante.

Basi mama mkwe akapata mtoto wa jicho, akawa haoni hata mkono wake, akaletwa huku Mwanza kutibiwa, anakaa Pasiansi kwa shemeji yangu Renatha, mdogo wake mke wangu. Operesheni ikaenda vizuri, siku wanamfungua bandeji akataja rangi ya gauni la Renatha, watu wakalia. Ukoo ukaamua ifanyike misa ya shukrani halafu chakula pale pale kwa Renatha, na sisi tukaamua zawadi yetu iwe kitambaa cha ukutani chenye uso wake, kwamba mama ameanza kuona, aanze kwa kujiona mwenyewe.

Hapa lazima nikueleze jambo. Mimi ni Msukuma, nilivyolelewa mkwe humkazii macho, unaongea naye umeangalia chini au pembeni, akipita unampisha, kwa hiyo pamoja na miaka yote ya ndoa uso wa mama mkwe nilikuwa siujui kwa kuutazama. Nikaomba picha yake ndogo, ile ya pasipoti aliyopigwa kwa ajili ya bima, nikaipiga vyumba vya mraba kwa rula, nikapiga na kitambaa vyumba vikubwa, nikamkuza chumba kwa chumba, na nikachora kila kitu Shangazi, mikunjo ya paji la uso, mikunjo ya macho, ile ya pembeni ya pua inayoshukia mdomoni, ile midogo iliyosimama juu ya mdomo, ya kidevuni, mishipa ya shingo, yote. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua nikajisemea kwamba hapa Mhoja umefika.

Mke wangu akaja akatazama akaniuliza, "Mbona umemzeesha mama yangu?"

Nikamwambia sijamzeesha, ndivyo alivyo, tazama picha.

Akasema, "Picha yenyewe ndogo kama kiberiti. Baba Jonathan, hii ya juu ya mdomo uzi mweusi utaifanya nywele. Niachie nipunguze."

Akachukua raba. Akafuta paji la uso, akafuta shingo, akafuta mdomoni, akaacha macho, pua, mdomo, kilemba na mistari miwili tu ya mashavu. Nilipokiona kile kitambaa nikahisi kama nimefutwa mimi. Kesho yake akaenda mazoezi ya kwaya, na mimi nikakitoa kitambaa, nikarudishia kila mkunjo aliofuta, na nikarudishia kwa peni.

Shangazi, nilitumia peni nikijua. Penseli inafutika, ikibaki inatoka kwa sabuni, lakini peni juu ya kitambaa cheupe haitoki, mtu anayedarizi hana njia ila kuifunika yote kwa uzi. Nilitaka asiwe na njia.

Akarudi, akakiona. Akapitisha kidole juu ya mdomo wa mama yake, akalamba uzi, akatunga sindano akaanza, maana misa ilikuwa Jumapili na kuanza kitambaa kingine kusingewezekana tena.

Siku ya misa tukaenda Pasiansi, tukala, ikafika zawadi, tukakifungua mbele ya watu. Ile mikunjo ya juu ya mdomo kwa uzi mweusi ilikuwa sharubu. Sio kama sharubu, ilikuwa sharubu. Na ya kidevuni ndevu. Mama mkwe kwa macho yake mapya akakisogeza karibu, akakipeleka mbali, akakirudisha, akasema kwa upole kabisa, "Asanteni sana wanangu, mmenichorea marehemu baba yangu. Picha yake mliipata wapi, maana alikataa kupigwa maisha yake yote?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Baba mdogo Florian aliyetoka Muleba akasimama kuthibitisha, akasema, "Ndiye mwenyewe, kasoro kiko chake tu mdomoni." Wakaanza upya kucheka. Mama mkwe hakuwa anacheka, alikuwa bado anakitazama, ameanza kuona kilemba chake mwenyewe kwenye kichwa cha baba yake, na nikaona ameelewa.

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Mtu akauliza nani katengeneza, na mimi nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi nilichora vizuri, uzi ndio umeharibu. Mkono wa mwanenu siku hizi una haraka."

Wote wakamgeukia Kokugonza. Angesema neno moja tu, peni, ningekwisha pale pale. Hakulisema. Alisema, "Nisamehe mama, nilikuwa na haraka," akainuka akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vingine vilikuwa bado vina chakula.

Tangu siku hiyo hagusi mchoro wangu. Kitambaa nikikichora nakikuta pale pale nilipokiweka. Anashona maua yake ya kujitungia, wenzake wanamwiga, na nyumbani ananiheshimu, chakula tayari Baba Jonathan, maji ya kuoga tayari Baba Jonathan, hiyo heshima inaniumiza kuliko angenitukana. Na Jumapili hii mama mkwe anarudi kwake, wanapanda meli ya Bukoba, na mke wangu anamsindikiza. Nikamuuliza utarudi lini, akanijibu, "Tutaona mama anavyoendelea." Mama anaendelea vizuri Shangazi, anatunga sindano mwenyewe.

Nimejaribu kujirekebisha. Nimekaa na karatasi nimchore mama mkwe upya kwa mistari michache kama alivyotaka mke wangu, nikasema nikifanikiwa nitampelekea, lakini nikitoa mikunjo anakuwa msichana, nikitoa zaidi anakuwa yai lenye kilemba, naogopa, narudishia, nikishtuka karatasi imejaa. Na nimegundua kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, kwamba mistari mingi inanificha. Ikiwa mingi, hata kumi ikikosewa hakuna atakayejua, ikiwa mitano, mmoja ukikosewa wote wanauona. Nimezeeka na kazi hii kumbe nilikuwa najificha.

Halafu kinachonishangaza, juzi nilikuwa mlangoni kwa Renatha nimepeleka dawa za macho, nikamsikia ndani anawachekesha wanawake, anamwigiza mama yake. Nikachungulia. Hakuwa amevaa chochote cha mama yake, aliinamisha tu kichwa upande wa kushoto kidogo, akaweka kiganja shavuni, akanyamaza, na wote wakaanguka kwa kicheko wakisema ni yeye, ni yeye. Hata mimi ambaye huwa simtazami nilijua ni yeye. Nikarudi nyumbani nikachora tena, nikajaza tena.

Sasa naomba unishauri, mtu anawezaje kujifunza kupunguza mistari asimpoteze mwenyewe aliyemchora, na mke wangu nimrudishe vipi kabla ya Jumapili. Na nakuomba uichape hii barua kama ilivyo na majina yetu, nitaliacha gazeti mezani, atalisoma, au Evelina atawasomea, ataona nimekiri na yatakuwa yamekwisha bila mimi kusimama mbele ya watu, maana kusimama mbele ya wale watu Shangazi siwezi.

Ni mimi,
Mhoja, Mkuyuni


SHANGAZI ODETA ANAJIBU

Marahaba Mhoja.

Nimecheka, ulinipa ruhusa. Nilipofika kwa marehemu baba yake na kiko nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kusoma. Tulipofika jikoni kwenye vyombo vyenye chakula, wote wawili tukaacha kucheka.

Nianze na hilo gazeti lako la mezani. Nimeisoma hiyo sehemu mara mbili nikihakikisha ni mwanaume mzima anaandika. Yaani ulimsema mkeo kwa mdomo wako mbele ya ukoo wake, halafu kumsafisha unaniachia mimi na mchapaji? Basi sikiliza nilichofanya. Nimemwomba mhariri akupigie simu kwa namba uliyoandika kwenye bahasha, leo Jumanne, akusomee jibu hili lote. Gazeti linatoka Ijumaa, na barua yako itakuwemo, na majina, kama ulivyoomba. Ijumaa Evelina atawasomea barazani, na mdomo wake wewe unaujua. Una muda wa kutosha kutoka Mkuyuni mpaka Pasiansi hata kwa miguu. Ijumaa ikukute umeshasema. Ikikukuta hujasema, usiniandikie tena.

Unachanganya makosa, Mhoja, unayaweka kwenye kapu moja ili yaonekane ni suala la sanaa. Kuchora mistari mingi si dhambi, ni ugonjwa wa mtu aliyesifiwa mapema, unatibika. Peni ni kitu kingine. Siku ile hukuwa unachora, ulikuwa unamfunga mkeo mikono, akiwa mazoezi ya kwaya, kwenye uso wa mama yake mzazi. Na maneno uliyosema baada ya chakula ni mabaya kuliko peni. Kitambaa kingekuwa kichekesho cha familia, kingesimuliwa kwenye harusi mpaka wajukuu. Wewe ukakigeuza hukumu.

Na yeye akakufunika. Unaogopa kusimama mbele ya watu ambao mkeo alisimama mbele yao kwa niaba yako. Hiyo heshima ya chakula tayari na maji tayari unayosema inakuumiza, kaka yangu, inatakiwa ikuumize. Anakupa kila anachodaiwa mke, na kile ambacho hadaiwi, ile sindano yake kufuata mkono wako, amekichukua. Ni haki yake.

Sasa twende kwenye mistari, maana umeuliza kwa dhati na nimeona umeanza kuelewa mwenyewe. Uliposema mistari mingi inakuficha, hapo uliandika kitu cha kweli. Mimi si mchoraji, lakini ugonjwa huo naujua. Nilipoanza ukurasa huu nilikuwa najibu barua kwa maneno mengi, nakutolea mifano, nakuzungusha, ukimaliza hujui nimekuambia uondoke au ubaki. Mhariri akanikata akaniachia robo ya ukurasa. Nililia. Kisha nikagundua kwamba zile kurasa nilikuwa naziandika kwa sababu sikuwa na uhakika na jibu. Ukilijua jibu ni fupi. Na wewe mama mkwe wako ulikuwa humjui, ndiyo maana ulimchora yote. Ulikuwa unanakili picha ya bima, chumba kwa chumba, bila kujua kipi ni chake na kipi ni cha uzee wa mtu yeyote. Mikunjo kila bibi anayo. Ukichora mikunjo umechora bibi. Umechora baba wa bibi.

Renatha alikufanyia kazi yako ukiwa mlangoni, ukaondoka ukaiacha pale. Kichwa kimeinama kushoto, kiganja shavuni. Hiyo ndiyo picha. Nina uhakika kwenye ile ya pasipoti kichwa kimenyooka kama mlingoti, maana wapiga picha wanatuambia sote tunyooke, na wewe ukakuza huo unyoofu. Ulipoteza alichokuwa nacho yeye peke yake, ukatunza walichonacho wote. Kupunguza si kutoa kitu hiki na kile mpaka kibaki kidogo, ndiyo maana ukitoa unapata msichana na ukizidi unapata yai. Unaanza na kile kimoja ambacho mtu akikiona kwa mbali, uwanja mzima katikati yenu, anasema ni yeye. Ukishakiweka hicho, kila mstari unaotaka kuongeza uulize unaongeza nini. Usipokujibu, uache.

Namna ya kujizoeza nakupa, na ukiiona ya kijinga ifanye hivyo hivyo. Acha penseli. Penseli iliyochongwa ndiyo inayokudanganya, inakuonyesha nafasi ambayo uzi hauna. Chukua uzi wenyewe, ule ule mweusi, tandaza kitambaa mezani, na umchore mama mkwe kwa kuulaza uzi juu yake kwa vidole. Hautakubali kukunja kona ndogo. Mistari ukiiweka karibu utaona kwa macho yako inavyoshikana. Pale uzi unapokataa kupita, ujue hapo hapakuwa na mstari, ulikuwa na kiburi tu. Utachukia siku ya kwanza. Ya pili utaanza kuelewa maneno ya Mama Jonathan kuhusu tumbo la uzi, na utaona aibu kwa jinsi alivyokuambia kwa lugha rahisi miaka yote hiyo.

Lakini uso wenyewe huwezi kuuchora bila kuutazama, na hapa una tatizo la malezi, nalo nalielewa. Sikuambii uvunje heshima ya kwenu. Nakuambia uombe. Mwambie Renatha amuulize mama yake kama mkwe wake anaweza kukaa mbele yake amtazame, ili amchore. Akikataa, umeheshimu. Ila sidhani kama atakataa. Huyo mama ametoka gizani juzi tu, kila kitu anakitazama kama kipya, na katika wote waliompokea mkwe wake ndiye pekee aliyeinamisha uso. Labda na yeye angependa kujua binti yake aliolewa na sura gani.

Hata hivyo kuchora ni baadaye. Usije ukaenda Pasiansi na mchoro mpya mkononi. Ukienda nao utakuwa umeenda kusifiwa, na mtu akisema ah, sasa hii nzuri, utaitikia asante kama ulivyozoea, na peni itabaki sakafuni hakuna aliyeiokota. Nenda mikono mitupu. Nenda Jumatano jioni wakiwa wamekaa. Mwambie mkeo mapema kwamba unakwenda na ungependa awepo, usimwambie kwa nini, na usimshike mkono mkifika kama watu wa kwenye kalenda. Baba mdogo Florian bila shaka ameshasafiri, basi mpigieni simu pale pale iwekwe sauti kubwa, kwa sababu yeye alilisikia lile neno lako na ameenda nalo Muleba. Lazima na hili alisikie.

Watacheka. Renatha hasa. Waache. Ulichokuwa unakiogopa ni kicheko, na kicheko umeshakipata tayari siku ya misa, tofauti ni kwamba siku ile alikibeba mkeo.

Kuhusu meli. Usimzuie. Mwanamke kumsindikiza mama yake aliyetoka kutibiwa hakuna mshauri atakayekuambia ni kosa, na ukianza kumbembeleza bandarini mbele ya mizigo ya watu utamlazimisha akujibu kitu ambacho hajakiamua. Mbebee begi mpaka wanapokaguliwa tiketi. Usimuulize tena atarudi lini. Mtu aliyeuliza mara moja amesikika. Mwambie tu kwamba kazi za kikundi utachora akirudi, na kwamba safari hii utazichora akiwa amekaa pembeni, na atakachokifuta kimefutika. Halafu urudi Mkuyuni ulaze uzi kwenye kitambaa. Nionavyo mimi atarudi, maana mwanamke aliyekwisha kukuacha moyoni asingekufunika mbele ya baba zake. Lakini hilo nalisema mimi, yeye hajasema, kwa hiyo usilitegemee, lifanyie kazi.

La mwisho ni namna ya kusema, kwa sababu nimesoma barua yako na ninakujua sasa. Utafika pale utaanza na picha ya bima, utaingia kwenye ulivyolelewa, utapita kwenye sato wa Igogo, utaeleza uchovu wako, na mpaka ufike kwenye kosa watu watakuwa wanakuhurumia wewe. Hapana. Fanya kama unavyotakiwa kumchora yule mama. Simama, mtazame aliyekaa, na useme, "Mama, mikunjo ile mwanao aliifuta, mimi nikairudishia kwa peni, halafu nikamsingizia."

Ukifika hapo, kaa chini.